Wauzaji wa simu Lubumbashi wasiwaache nje waliokimbia vita

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Biashara nyingi za mji huu siku hizi hazina mlango wala kibao. Ziko ndani ya simu. Mama wa Katuba anapiga picha vitenge vyake asubuhi, anaviweka kwenye WhatsApp, na ikifika saa sita ameshaulizwa mara ishirini "iko ngapi?" kabla ya mtu mmoja kununua. Kijana wa Kampemba anauza viatu ambavyo hajawahi kuvishika: picha ni za mwenzake mwenye mzigo kwenye soko la Mzee Kabila, yeye anaongeza komisyo yake juu, na mteja akikubali ndipo anapokimbia kuvichukua.

Wauzaji hawa wamejifunza kufanya kazi pamoja. Mmoja ana mzigo, mwingine ana wateja, wa tatu ana pikipiki ya kupeleka. Wanapoagiza bidhaa Dar es Salaam au Dubai huchanga gharama ya usafiri, kwa sababu mzigo wa mtu mmoja ni mdogo mno kulipiwa peke yake. Bila makundi hayo ya simu, wengi wao wasingefika mwezi wa tatu.

Lakini kuna watu waliobaki nje ya makundi hayo. Ni wale waliokimbia vita. Tangu Goma ilipoingiwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, kuna familia zilizoshuka hadi Kalemie kwa njia ya ziwa, na nyingine zikafika hadi huku Katanga. Kabla yao walikuwako wale wa Mitwaba na Pweto, waliokimbia wapiganaji wa Mai-Mai miaka iliyopita, na wengine kati yao hawajarudi kwao hadi leo. Ndani ya familia hizo wamo wauzaji. Wengine walikuwa wakiuza kwa simu kuliko hata watu wa hapa, maana Goma na Bukavu ni miji ya mpakani, na biashara ya kuagiza mzigo kwa picha na kulipa kwa simu si jambo geni kule.

Wakiomba kuingia kwenye kundi la wauzaji wa Lubumbashi, swali la kwanza ni moja: "Nani anakujua?"

Swali hilo si baya. Anayelaumu wauzaji kwa kuliuliza hajawahi kuibiwa. Kuna watu wanaotuma picha za nguo nzuri, wanaomba pesa kwanza, kisha wanazima simu. Kuna ujumbe wa uongo unaofanana kabisa na ule wa M-Pesa au Airtel Money, unaosema pesa imeingia wakati hakuna kitu. Kuna wanaochukua picha za mwenzao, wanafuta jina lake na kuuza kwa bei ya chini bidhaa wasiyokuwa nayo, halafu mteja aliyedanganywa anarudi kumtukana mwenye picha. Mtu aliyepoteza mtaji wa miezi sita kwa namna hiyo ana haki ya kufunga mlango.

Shida ni kwamba swali linaulizwa kana kwamba halina njia ya kujibiwa. Mama aliyefika juzi kutoka Bukavu atamtoa wapi mtu wa Kamalondo anayemjua tangu utotoni? Kumbe jibu liko mikononi mwa akina mama wa mji huu, na wamelitumia miaka mingi kwenye likelemba. Mgeni anapoingia kwenye likelemba hapewi zamu ya kwanza. Anawekwa mwisho. Anachanga kama wenzake wiki baada ya wiki, anaona wengine wakipokea, na zamu yake inapofika kila mtu ameshamjua kwa vitendo. Hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani. Ng'ambo ya mpaka, Wazambia wana kitu kile kile wanachokiita chilimba, na kinaendeshwa kwa akili hiyo hiyo.

Ushirikiano wa biashara ya simu unaweza kuanzia hapo hapo. Mwenye mzigo ampe mgeni vitenge viwili, siyo ishirini. Avipige picha mwenyewe, avitangaze kwa wateja wake, alete pesa jioni ile ile. Akifanya hivyo mara tano bila matata, apewe vinne. Akikosea, hasara ni ya vitenge viwili, na kundi zima limemjua kwa bei ndogo.

Na mwenye mzigo asifikiri kwamba anatoa sadaka. Muuzaji wa Goma au Bukavu amekuja mikono mitupu, lakini simu yake haiko tupu. Wateja wake wa zamani wametawanyika: mmoja yuko Kinshasa, mwingine Kampala, wa tatu Bujumbura, wengine wamebaki nyumbani. Hao ni watu wenye mahitaji, na muuzaji wa Lubumbashi hana namba ya hata mmoja wao. Mgeni anajua pia kahawa ya Kivu, anajua sambaza nzuri na sambaza iliyolala, anajua nani anaweza kutuma ndakala kavu kutoka Kalemie. Mwenyeji kwa upande wake ana mpaka wa Kasumbalesa ulio karibu kilomita mia moja kutoka hapa, ana vinkubala na kikanda ambavyo Wakatanga wa Kinshasa wanavitamani, ana anwani ambayo mteja anaweza kufika akidai haki yake. Kila mmoja ana nusu ya duka.

Nairobi iliona jambo kama hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wasomali waliokimbia vita walifika mtaa wa Eastleigh, wengi wakapanga vyumba kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Usiku walilala humo, mchana wakageuza vyumba kuwa maduka ya nguo na vyombo vilivyotoka Dubai. Hawakuwa na benki. Walikuwa na jamaa waliotawanyika kila pembe ya dunia, na mchango wao wa zamu unaoitwa ayuuto, ambao ni likelemba kwa jina la Kisomali. Hawakufanya kazi peke yao pia: Wakenya wenyeji, wakiwemo Wasomali raia wa Kenya, walikuwa na vibali, nyumba na njia za mzigo. Eastleigh leo ni moja ya masoko makubwa ya Afrika Mashariki, na watu wa Kampala na Dar es Salaam wamekuwa wakienda kununua huko kwa jumla. Chumba cha Garissa Lodge cha wakati ule kinafanana sana na simu ya mkimbizi wa sasa: ni mahali pa kulala, pa kulilia, na pa kuuzia.

Kuna kizuizi kimoja ambacho wengi hawakisemi. Laini ya simu na akaunti ya pesa vinataka kitambulisho, na Wakongo wengi hutumia kadi ya mpiga kura. Aliyetoka nyumbani mbio usiku mara nyingi ameiacha au ameipoteza. Anafika hapa anaomba laini iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine, shemeji au jirani wa kanisani, na pesa za biashara zinaingia kwa jina hilo. Mteja anaona jina lisilo la muuzaji, anaogopa, anaacha. Au mwenye laini anajaribiwa na kutoa pesa zisizo zake. Kundi la wauzaji linalotaka kweli kumpokea mgeni lianzie hapa, kabla ya maneno mengine yote: limsindikize kutafuta karatasi zake, na katika muda wa kungoja pesa zipitie kwa mtu mmoja anayejulikana na wote, zikiandikwa kwenye daftari siku hiyo hiyo. Baada ya M23 kuingia, mabenki ya Goma na Bukavu yalifunga milango, na watu wengi wakategemea pesa ya simu. Hakuna anayejua thamani ya akaunti yenye jina sahihi kuliko wao.

Daftari linahitaji neno lake pia. Ushirikiano mwingi mjini hauvunjwi na wezi. Unavunjwa na mambo madogo ambayo hayakusemwa. Nani analipa pikipiki kama mteja wa Ruashi amekataa mzigo mlangoni? Kiatu kikirudishwa kwa sababu ni kidogo, komisyo inarudi? Picha ni ya nani, na je, anayeitumia anaruhusiwa kuituma kwenye kundi lingine? Bei ikipanda kwa sababu dola imepanda, nani anamwambia mteja? Watu wanaona haya kuulizana hivyo mwanzoni, wanaona ni kukosa kuaminiana, kisha wanagombana mbele ya wateja kwa franka elfu tano.

Kuhusu komisyo, mazoea ya sasa hayafai. Anayeuza kwa picha za mwenzake anaongeza kiasi anachotaka kwa siri, na mwenye mzigo hajui bidhaa yake inauzwa ngapi mjini. Siku mteja mmoja anapokutana na bei mbili kwa kitenge kimoja, wote wawili wanaonekana wezi. Afadhali bei moja iliyotangazwa na komisyo iliyopatanwa, hata kama ni ndogo. Wapo watakaosema kwamba siri hiyo ndiyo inayowapa chakula. Inawezekana, kwa wiki moja au mbili. Lakini mgeni asiye na jina mjini hawezi kuijenga sifa yake juu ya bei ya kujificha, naye ndiye atakayelaumiwa wa kwanza.

Sheria haiko mbali kama watu wanavyofikiri. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na kwa sheria hiyo watu watano wanatosha kuanzisha kooperative ndogo. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inatambua maandishi na mapatano ya elektroniki. Hata hivyo karatasi zisitangulie kazi. Mji huu umejaa mashirika yenye prezida, makamu wa prezida, karani, mtunza hazina na washauri wanne, ambayo hayajauza hata sabuni.

Jambo jingine dogo: namba za wateja na za washirika ziandikwe pia kwenye karatasi. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Aliyekuwa na wateja ndani ya WhatsApp peke yake alifungiwa duka bila kuambiwa.

Yapo maneno yanayosikika chini chini, kwamba wenyeji wenyewe hawana kazi, vijana wa Kenya na Katuba wanahangaika, kwa nini kuwafungulia watu wa Kivu? Njaa ya vijana hao ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Ila mji huu umeshaona maneno hayo yanapofikia. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kuwapeleka mkoa ambao wengine hawakuwahi kuuona. Waliacha nyumba, kazi na maduka. Maduka yale hayakugeuka kuwa utajiri wa waliobaki. Mengi yalikufa, kwa sababu aliyekuwa akijua mzigo unatoka wapi alikuwa ameondoka. Na muuzaji wa simu hachukui meza ya mtu sokoni. Wateja wa mama wa Bukavu hawakuwa wa Lubumbashi tangu mwanzo. Akishirikiana na mtu wa hapa, pesa yao inaanza kupita hapa.

Siku moja vita vitatulia na baadhi ya familia hizi zitarudi kwao. Wauzaji waliogawana nao vitenge viwili viwili watakuwa na mtu Bukavu ambaye wameshamjaribu, anayejua bei ya kahawa kabla haijapakiwa, na mwenye jina lake mwenyewe kwenye akaunti. Waliowafungia mlango watalazimika kumtafuta mtu huyo upya, kwa picha za mtu wasiyemjua, na pesa kwanza.