Nyuki si bendera

Tumekaririshwa tangu shuleni: mdudu ni mnyama wa damu baridi, joto lake ni bendera hufuata upepo. Kwa panzi aliyejituliza jani­ni asubuhi, haya, tukubali. Kwa nyuki aliye kazini huo ni uzushi, na ajabu ni kwamba anayeuandika kwenye mtihani anapewa vema.

Misuli ya kurukia imo kifuani mwa nyuki, naye anaweza kuikaza na kuilegeza bila mbawa kutikisika. Kwa macho utamwona ametua tu, ananyonya. Mwelekezee kamera inayoona joto: kifua kinang'aa, tumbo limefifia.

Anton Stabentheiner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, waliwapimia nyuki wa asali maji ya sukari, mengine matamu, mengine mepesi. Hewa ina mkono wake, sikatai. Lakini utamu ulipozidi, joto la kifua nalo lilipanda. Mwaka 1991 walionyesha kwamba hata akisharudi mzingani, nyuki anayecheza kuwaelekeza wenzake huwa na joto zaidi kama alikotoka kuna chakula kitamu. Mzingani humo jua linaingilia wapi?

Najua jibu la wabishi: sukari ni kuni, kuni nyingi, moto mwingi. Basi watueleze habari ya chavua. Mwaka 2008 watafiti wa San Diego, Marekani, waliwapa Bombus impatiens, nyuki wanene wenye manyoya wa Amerika Kaskazini, chavua safi na chavua iliyochakachuliwa kwa selulosi isiyo na lishe. Penye chavua bora, vifua vilipata joto zaidi. Na mkusanyaji haendi pale kula chavua; anaifungasha miguuni apeleke kwa watoto. Tumbo lake halikuongezewa kuni zozote. Alichofanya ni kupima mali iliyo mbele yake na kuamua kwamba inastahili kugharimiwa.

Gharama yenyewe si ndogo, maana kujipasha moto kunakula sukari ya akiba. Ila nyuki wa asali mwenye kifua cha moto hunyonya haraka, na yuko tayari kuruka mara tu anapomaliza, bila kwanza kusimama akitetemesha misuli. Penye maji matamu muda huo uliookolewa unalipa. Penye maji mepesi haulipi, kwa hiyo anaacha kifua kipoe.