Neno "Native" na Maana Zake

Ndugu makarani, neno la Kiingereza "native" asili yake ni mzaliwa wa mahali. Mwingereza aliyezaliwa London ni "native" wa London, wala haoni haya. Lakini katika sheria za Tanganyika, kama Native Authority Ordinance ya mwaka 1926, neno hilo halikuuliza mtu kazaliwa wapi. Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam hakuitwa hivyo. Mmanyema aliyetoka Kongo akakaa Kariakoo aliitwa. Basi lilitaja asili ya damu, si kuzaliwa. Kwetu mwenyeji ni mtu wa heshima, mgeni hupiga hodi kwake. Kwa hiyo tufasiripo majalada ya zamani tusiandike "mwenyeji" ovyo, tusije tukaifunika dharau kwa neno jema.