Stendi za Ngoma na Matoazi

Katika njia itokayo Meru kwenda Embu iko Chuka, mahali palipopata sifa tangu zamani kwa ajili ya wapiga ngoma wake. Mpigaji wa Chuka huibana ngoma yake ndefu kati ya mapaja, akaiinamisha, akapiga huku akicheza. Hahitaji stendi, kwa kuwa mwili wake ndio stendi. Lakini mpigaji wa ngoma za kizungu, aketiye kitini katikati ya ngoma na matoazi yake, hana njia hiyo. Mikono yake yapiga, na miguu yake yote miwili yakanyaga. Vyombo vyake havina budi kushikwa na chuma.

Jambo hili husahauliwa mara nyingi wakati kanisa, shule au kikundi cha vijana kinapochanga fedha. Mkulima hutoa katika malipo yake ya kahawa au majani chai, na karani katika mshahara wake. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha fedha karibu zote hutumiwa kwa ngoma zing'aazo, na stendi hununuliwa kwa masazo. Hilo ni kosa. Toazi likiangushwa juu ya sakafu ya saruji huweza kupasuka ukingoni, na toazi lililopasuka halirudii sauti yake ya kwanza.

Mnunuzi mwenye busara huanza kutazama chini. Stendi ina miguu mitatu, nayo yapasa kutanuka vya kutosha na kuvaa mpira nchani ili isiteleze. Miguu mingine imefanywa kwa bamba moja la chuma, mingine kwa mabamba mawili. Ile ya mabamba mawili ni mizito, nayo yafaa toazi kubwa la inchi 20 ambalo halihamishwi kila mara. Ile ya bamba moja yawafaa wale wanaochukua vyombo vyao garini kila juma, kwenda arusini au mikutanoni.

Pili, atazame viungo. Mahali bomba moja linapoingia ndani ya jingine, ni vyema pawe na kipande cha plastiki ndani ya kibano, kwa maana chuma kikibana chuma kitupu huteleza na kulika upesi. Bomba lisivutwe mpaka mwisho wake. Sehemu ya kutosha ibaki ndani. Na kama stendi ina mkono wa kando, mguu mmoja sharti uelekee upande ule ule wa toazi, ama sivyo stendi itapinduka.

Tatu, juu kabisa toazi lisiguse chuma. Chini yake na juu yake huwekwa kitambaa kizito cha sufu, na katika tundu lake hupita kijibomba cha plastiki. Vitu hivi ni vya bei ndogo, lakini visipokuwapo tundu hulika, na ufa huanzia hapo. Wala nati isikazwe sana. Toazi lataka nafasi ya kuyumba.

Ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake huwa na stendi yake, yenye mikono mitatu iliyovikwa mpira. Ngoma hii kwa kawaida ina upana wa inchi 14. Mikono iishike isicheze, lakini isiikabe mpaka sauti ikafa, wala isiguse zile nyuzi. Tena stendi iweze kushuka hata ngoma ikae juu kidogo ya mapaja ya mpigaji aliyeketi; kijana mfupi asilazimishwe kuinua mabega.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe stendi isimamishwe pale pale dukani, iinuliwe kwa kimo kitakachotumika, toazi liwekwe, kisha lipigwe kwa nguvu. Ikiyumba hovyo au ikishuka, airudishe. Baada ya safari katika barabara mbovu, kila skrubu ikazwe upya, kwa maana mtikisiko huzilegeza.

Fedha iliyochangwa na wengi ni amana. Ni heri kikundi kianze na ngoma chache na toazi moja juu ya stendi imara, kikaongeza mwaka ujao, kuliko kununua vyote siku moja na kuvikusanya sakafuni kabla ya wimbo kwisha.