Kujinyima si kunyimwa: somo kutoka kwa wachezaji wa Civilization

Tangu mwaka 1991, mamilioni ya watu duniani wamecheza Civilization, mchezo wa kompyuta uliobuniwa Marekani na Sid Meier pamoja na Bruce Shelley. Kuueleza si kazi ngumu. Mchezaji anapewa watu wachache mwaka 4000 kabla ya Kristo, anajenga mji wa kwanza, kisha anaendelea zamu kwa zamu: anafanya yake, anangoja wengine wafanye yao, sawa na watu wanaocheza dama kwa vifuniko vya chupa kando ya avenyu. Akiwa na akili na bahati, karne zinapita na kijiji chake kinakuwa dola lenye miji mingi, jeshi, shule, hata roketi.

Lakini kuna wachezaji waliozoea kushinda hadi wameanza kufanya jambo la kushangaza. Wanajifunga mikono wenyewe. Mmoja anaapa kwamba hatajenga mji wa pili mpaka mchezo uishe. Mwingine anaingia vitani na kila jirani tangu siku ya kwanza, na hataki amani hata akiombwa. Wa tatu anakataa kushambulia mtu yeyote, hata yule anayemchokoza. Wa nne anasema kwamba akikosea, hatarudi nyuma kusahihisha. Hakuna aliyewalazimisha, na mwishoni hakuna franka hata moja ya kupokea.

Mtu mzima anayepita nyuma ya kiti anaweza kucheka na kusema kwamba ni utoto juu ya utoto. Kuna haki kidogo katika kicheko hicho. Katika Civilization VI, mchezo mmoja wa kasi ya kawaida unaweza kufika zamu 500, yaani saa nyingi sana mbele ya kioo, saa ambazo kijana angeweza kuzitumia kwa masomo au kumsaidia mama yake sokoni. Hata hivyo, wanachokifanya wachezaji hawa kinastahili kuangaliwa vizuri kabla ya kuhukumiwa, kwa sababu kinagusa jambo ambalo watu wa mashariki mwa Kongo wanalijua kwa upande wake mchungu.

Kwanza, kwa nini wasichague tu ngazi ngumu zaidi? Ngazi zipo. Civilization VI ina ngazi 8, na ya juu kabisa inaitwa Deity. Shida ni kwamba mchezaji akipanda ngazi, kompyuta haipati akili zaidi, inapewa zawadi tu. Kwenye Deity, wapinzani wanaanza na makundi matatu ya kujenga miji wakati binadamu ana moja, na kazi zao za uzalishaji zinaongezewa kwa wingi. Ni mbio ambamo mmoja ametangulizwa mbele. Anayetaka kushinda huko analazimika kufuata njia chache zilezile ambazo kila mtu amekwisha kuzijifunza. Ugumu unaongezeka, lakini mawazo mapya hayaongezeki.

Sharti la kujiwekea linafanya kazi tofauti. Chukua lile la mji mmoja. Katika Civilization V, jengo liitwalo Chuo cha Taifa haliwezi kujengwa mpaka kila mji wa mchezaji uwe na maktaba. Mwenye miji sita atangoja sana. Mwenye mji mmoja anajenga maktaba moja tu, kisha anaanza chuo chake. Kumbe udogo wake una faida ambayo dola kubwa halina. Katika Civilization VI mambo yanageuka tena: mji unaruhusiwa kuongeza eneo maalum, kama la elimu au la biashara, kadiri wakaaji wake wanavyoongezeka. La kwanza linapatikana mapema, la pili mji ukifika wakaaji 4, la tatu ukifika 7. Basi mwenye mji mmoja hawezi kuwa na vyote. Anachagua shule au soko, bandari au kambi ya jeshi, na kila alichokiacha atakikosa kweli. Anaanza kuangalia mto na mlima kwa macho mapya, na kutunza urafiki na jirani ambaye zamani angemvamia bila kufikiri.

Pili, kuna lile sharti la kutorudi nyuma, ambalo kwa wengi ndilo zito kuliko yote. Michezo hii inajihifadhi yenyewe mara kwa mara. Jeshi likishindwa, mchezaji anaweza kufungua mchezo wa zamu iliyopita na kujaribu tena mpaka apate anachokitaka. Watengenezaji wanajua tabia hiyo. Katika Civilization IV ya mwaka 2005, bahati ya vita inabaki ileile hata mtu akirudi nyuma, ila kama mwenyewe alichagua mwanzoni kwamba ibadilike. Katika Fire Emblem, mchezo wa Japani ulioanza mwaka 1990, askari akifa harudi tena. Wachezaji wengi walizoea kuanza upya sura nzima ili kumwokoa mmoja tu. Wengine wakajiwekea sheria: aliyekufa amekufa, safari inaendelea bila yeye.

Aliyejiwekea sheria hiyo yuko peke yake chumbani. Anayemwona hayupo. Akirudi nyuma mara moja tu, marafiki hawatajua, kompyuta haitamshitaki, na ushindi utaonekana uleule. Sheria yote inasimama juu ya neno lake mwenyewe. Ni nadra siku hizi kukuta sheria isiyo na polisi, isiyo na faini, na bado mtu anaiheshimu saa nane za usiku.

Watengenezaji waliona jambo hilo na wakaligeuza kuwa sehemu ya bidhaa. Civilization IV ina chaguo rasmi la mji mmoja. Mwaka 2013, Civilization V ilileta Venice, taifa lisiloweza kutuma watu wake kujenga miji mipya. Mwaka 2012, XCOM: Enemy Unknown ilikuja na namna ya kucheza iitwayo Ironman, ambamo kuna hifadhi moja tu inayofutwa na kuandikwa upya kila mara, kwa hiyo njia ya kurudi haipo. Ni msaada mzuri kwa anayejijua kuwa dhaifu. Lakini mlango uliofungwa na fundi haupimi kitu kilekile. Kinachopima mtu ni mlango ambao ufunguo wake yuko nao mfukoni, na hafungui.

Hapo ndipo somo linapotakiwa kushikwa kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kulishika vibaya. Kuna watu watakaosikia habari hizi na kusema: mnaona, ugumu unajenga, shida inafundisha, kwa hiyo watu wa Kivu na Ituri wana bahati, maisha yao yote ni mazoezi. Hotuba za namna hiyo zinasikika kila mara. Mama aliyekimbia kijiji chake mara tatu anasifiwa kwa uvumilivu. Kijana anayesomea kwa mwanga wa simu anaambiwa ni shujaa. Na tangu miaka mingi Wakongo wanacheka kwa uchungu juu ya ile "Artikle 15" isiyoandikwa popote: jitafutie mwenyewe.

Hilo si sharti la kujiwekea hata kidogo. Mchezaji wa mji mmoja angeweza kujenga kumi. Akichoka, anafuta mchezo na kwenda kulala kitandani kwake. Mama aliye kambini hana mahali pa kubonyeza ili mchezo uishe. Hakuchagua mji mmoja. Alinyang'anywa mingine yote. Kumsifu kana kwamba alijipa mtihani ni kumwondolea lawama yule aliyemfikisha pale. Kujinyima kunamkuza mtu kwa sababu kuna kitu alichoweza kukichukua na hakukichukua. Kunyimwa kunamwacha na deni ambalo mtu fulani anapaswa kulilipa.

Civilization VI yenyewe inatoa mfano ulio karibu na nyumbani. Tangu ilipotoka mwaka 2016, ina taifa la Kongo, likiongozwa na Mvemba a Nzinga, yule ambaye Wareno walimwita Afonso wa Kwanza. Katika mchezo, Kongo haiwezi kuanzisha dini yake. Inanufaika na dini ambayo wengine wameieneza katika miji yake. Baadhi ya wachezaji wanaichukua Kongo kwa sababu ya kizuizi hicho, wapate kazi ya kufikiri. Kwao ni raha, na hakuna ubaya.

Mvemba a Nzinga wa kweli hakupata raha hiyo. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wa Kireno wanachukua watu wa nchi yake, hata watoto wa wakubwa na ndugu wa mfalme mwenyewe. Aliomba wasitumwe tena wafanyabiashara, ila mapadri na walimu, pamoja na divai na unga kwa ajili ya ibada. Yeye mwenyewe hakuwa nje ya biashara ya watumwa, na baadaye mwaka uleule aliweka wakaguzi wa kuhakikisha kwamba wanaouzwa hawakutekwa kinyume cha sheria. Lakini ombi lake la msingi linaeleweka mpaka leo: alimwomba mwenye nguvu ajiwekee mpaka. Mwenye nguvu hakujiwekea, na biashara ile iliendelea kwa karne nyingi.

Kwa hiyo somo la wachezaji hawa lina anwani yake, na anwani hiyo si kambi ya wakimbizi. Linamhusu mwenye uwezo wa kuchukua zaidi: askari kwenye barieri usiku, ambaye hakuna mkubwa anayemwona, mtumishi mwenye muhuri ofisini, mwalimu mwenye kalamu ya pointi. Linahusu pia viongozi wa juu. Katiba ya Kongo ya Februari 2006, katika kifungu cha 220, inakataza kugusa idadi na muda wa mihula ya Rais wa Jamhuri. Taifa lilijiwekea sharti, likijua kwamba siku moja atakuwepo mtu mwenye uwezo wa kujaribu kulivunja. Kifungu kama hicho kinafanana na hifadhi ya zamu iliyopita: kila mchezo ukimwendea vibaya mwenye kucheza, kishawishi cha kurudi na kubadilisha kipo palepale. Thamani yake inaonekana siku hiyo, si siku ya kukiandika.

Wazazi nao wana la kufanya. Kijana anayecheza usiku kucha bila kusoma anastahili kuzimiwa kompyuta, hilo halina mjadala. Lakini kabla ya kuizima, mzazi akae naye dakika kumi amwulize: leo ulijiwekea sharti gani? Na ulipoona unashindwa, ulifanya nini? Kama kijana atajibu kwamba mji wake ulitekwa, angeweza kurudi nyuma na hakurudi, amekwisha kujifunza kitu ambacho wakubwa wengi wa nchi hii bado hawajakijua. Maswali hayo mawili wanafaa kuulizwa nao pia.