Mavazi ya Kuazima, Hisani ya Kwetu

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Methali hii niliisikia ikitamkwa kwa ukali hivi karibuni na mzee mmoja ninayemheshimu sana, tukiwa tumeketi barazani mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Waliokusudiwa walikuwa kikundi cha vijana, baadhi yao wanafunzi wangu, ambao wamependezwa na filamu za bunilizi ya kisayansi, zile za vyombo vya angani na mashujaa wa sayari za mbali. Vijana hao hujishonea na kujigundishia mavazi ya mashujaa hao kwa makaratasi ya maboksi, sifongo za magodoro makuukuu na rangi ya dawa ya kupuliza.

Kisa chenyewe ni kifupi. Vijana waliiomba kamati moja ya mtaa, ambayo sitaitaja, iwape uwanja kwa siku moja. Nia yao ilikuwa kuwachezesha watoto wakiwa wamevaa mavazi yao, na kila mzazi atakayehudhuria aombwe kuleta kitabu au daftari kwa ajili ya mayatima. Wakanyimwa. Jibu walilopewa ni kwamba mambo ya hisani hayachanganywi na masihara, na kwamba anayetaka kusaidia mayatima na aje na kanzu yake. Kwa kuwa mkubwa hajibiwi hadharani, barazani nilinyamaza. Naomba radhi kwa kumjibu hapa.

Shutuma ya mzee ina sehemu mbili, nazo yafaa tuzitenganishe. Ya kwanza ni kwamba mavazi hayo ni ya kigeni. Ya pili ni kwamba mchezo na hisani ni vitu viwili visivyokaa chungu kimoja.

Ni kweli kwamba jambo hili linafanyika ughaibuni. Huko Marekani, mnamo 1997, mtu aitwaye Albin Johnson alianzisha chama cha wapenzi wa filamu za Star Wars, kiitwacho 501st Legion. Wanachama wake huvaa deraya nyeupe za askari wa upande wa waovu katika filamu hizo, kisha huenda kuwatembelea watoto mahospitalini na kuchangisha fedha za misaada. Hawalipwi ujira, anayewaalika huombwe atoe sadaka kwa shirika la hisani. Bintiye Johnson mwenyewe alipopatwa na uvimbe wa ubongo, wapenzi wenzake walimtengenezea roboti ya rangi ya waridi. Mtoto huyo alifariki mwaka 2005, na roboti ile ikaendelea kuwatembelea watoto wengine wagonjwa. Leo chama hicho kina maelfu ya wanachama katika nchi nyingi. Sidhani yupo mzazi aliyewahi kukaa kitandani pa mtoto mgonjwa ambaye angeyaita hayo masihara.

Lakini je, twahitaji kweli kwenda Marekani kutafuta mfano? Wazee wetu wa kisiwa hiki wangetucheka.

Kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walibuni ngoma iliyoitwa beni. Waliziona bendi za tarumbeta za wanajeshi na za misheni, wakazichukua na kuzifanya zao. Walivaa sare za maafisa wa Kizungu, wakapanga safu na kupiga kwata barabarani, na wakapeana vyeo vya wafalme, majemadari na makapteni. Hapa Mombasa vyama vya Kingi na Skochi vilishindana kwa miaka mingi, na majina yenyewe yaonyesha yalikotoka: kimoja kwa mfalme wa Uingereza, kingine kwa Waskochi. Wanawake nao walikuwa na matawi yao na vyama vyao vya lelemama, wenye vyeo vyao na mashindano yao. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, askari na wapagazi waliichukua beni wakaieneza bara, hata ikavuka mipaka ya Afrika Mashariki. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975.

Sasa tuulize: chini ya zile sare za kuazima palikuwa na nini? Palikuwa na chama. Mwanachama akifiwa, wenzake walifika. Akioza binti, wenzake walipika na kupakua. Margaret Strobel, aliyechapisha utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka 1979, ameonyesha kwamba vyama vya lelemama vilikuwa shule ya uongozi na ngao ya kusaidiana, na kwamba uzoefu huo uliwafaa wanawake walipounda vyama vya maendeleo katika miaka ya 1950. Waliokuwa wakipanga safu za ngoma walijua tayari namna ya kuitisha mkutano, kukusanya mchango na kuwapatanisha waliogombana.

Mimi ni mtu wa taaluma ya lugha, na naona lugha yenyewe yatoa ushahidi. Neno beni latokana na neno la Kiingereza ambalo baadaye lilituingilia mara ya pili kwa umbo la bendi. Bendi ni wapiga muziki. Beni ni ngoma, chama, sare, vyeo na utani vyote kwa pamoja. Kiswahili kilipokea neno moja mara mbili, na lile la kwanza kikalijaza maana ambayo Mwingereza hakuijua kamwe. Hivyo ndivyo tunavyoazima. Neno geni hupewa irabu ya mwisho, hupangiwa ngeli, hutumwa kazi za nyumbani, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayeliuliza pasipoti. Kama twakubali hayo kwa maneno, kwa nini tuyakatae kwa mavazi?

Na ile shutuma ya pili? Tazama kitenzi kucheza. Kwetu mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza mchezo wa kuigiza. Na pia hucheza upatu, yaani hutoa mchango wake kwa zamu ili kila mmoja apate fungu siku yake ifikapo. Tena upatu ni jina la sahani ya shaba inayopigwa katika ngoma! Lugha iliyotoa neno moja kwa chombo cha ngoma na kwa mfuko wa kusaidiana haiwezi kudai kwamba furaha na msaada havijuani. Hata neno kujitolea, ukilichambua, ni kujitoa kwa ajili ya wengine. Lenyewe halisemi ujitoe ukiwa umevaa nini.

Hata hivyo nisije nikawapamba vijana kupita kiasi, kwa maana wanaotia shaka wana hoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa mji huu aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, aliwaonya watu wake dhidi ya kuwaiga Wazungu kijuujuu huku wakiyaacha yenye manufaa kama elimu na bidii ya kazi. Onyo hilo lingali na uzito. Na beni yenyewe ilikuwa na maradhi yake: mashindano ya mavazi na karamu yalikula mali, na fahari ya chama ikageuka chanzo cha uhasama kati ya majirani. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Leo Kingi na Skochi hazisikiki tena katika vichochoro vyetu.

Kwa hiyo swali linalofaa si vazi limetoka wapi. Swali ni hili: ukilivua vazi, kinabaki nini? Kikibaki chama chenye daftari la mapato, mweka hazina anayehojiwa na ahadi zinazotimizwa, basi vazi lilikuwa la heri, hata kama limetoka katika sayari isiyokuwapo. Pasipobaki kitu ila picha za kujionyesha, basi mzee wa Kibokoni alisema kweli.

Ushauri wangu kwa kamati ni kwamba iwape vijana uwanja huo, kwa masharti. Waandike orodha ya vitabu vitakavyopokewa na kuisoma hadharani. Mavazi yao yawe ya stara. Mtoto asipigwe picha bila idhini ya mlezi wake, kwani yatima si pambo la sherehe ya mtu. Na wazee wawili watatu wawepo, si kama mapolisi bali kama wageni wa heshima.

Na kwenu vijana: msione haya kwenda barazani kuwauliza bibi na babu habari za Kingi na Skochi walizozipokea kwa wazazi wao. Mtashangaa kugundua kwamba hamkuanzisha jambo jipya. Siku mkipita Ndia Kuu mmevaa deraya zenu za maboksi, mtakuwa mnatembea njia iliyokwisha kanyagwa na majemadari wasiokuwa na jeshi, waliojua kuzika, kuoza na kulisha.

Yule mwanafunzi aliyeniletea habari hizi aliniuliza, "Mwalimu, Kiswahili kina neno gani kwa jambo tulifanyalo?" Nilimjibu kwamba neno halitungwi na mwalimu akiwa ofisini. Fanyeni kazi, na watoto mliowasaidia watawapa jina. Wema hauozi.