Sikiliza kwanza, mahubiri baadaye

Ndugu msomaji, jirani akikujia na kilio chake, wewe humfanyia nini? Wengi wetu hatumpi nafasi hata amalize. Akitaja karo, tunamsimulia jinsi sisi tulivyosoma kwa taabu. Akitaja ndoa yake, tunamfungulia Biblia na kumwambia aombe. Kisha tunaagana naye tukidhani tumemfariji, kumbe anarudi kwake na mzigo ule ule, pengine umeongezeka.

Yuko kasisi mmoja wa Kianglikana aliyelitambua jambo hili zamani. Mnamo 1935, Chad Varah, wakati huo kasisi kijana mjini Lincoln, Uingereza, aliongoza mazishi yake ya kwanza. Marehemu alikuwa msichana wa miaka 14. Alipovunja ungo na kuiona damu, alidhani ameshikwa na ugonjwa wa zinaa, akajitoa uhai. Hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kasisi hakumsahau mtoto huyo. Mwaka wa 1953, akiwa katika kanisa la St Stephen Walbrook jijini London, alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa. Wengi walipiga simu, wengine wakaja wenyewe. Watu wa kawaida wakajitolea kuwakaribisha wageni na kuwapa chai wakingojea zamu zao. Hapo likatokea ambalo hakulitarajia: wengi, baada ya kuzungumza na hao wagawa chai, waliondoka wametulia bila hata kumwona kasisi. Mnamo Februari 1954 akawaachia wasaidizi hao kazi ya kusikiliza. Huduma hiyo ndiyo Samaritans. Hapa Kenya, kazi ya aina hiyo hufanywa na Befrienders Kenya.

Wale wagawa chai walikuwa na masikio, na walikuwa na wakati. Je, sisi tumekosa kipi kati ya hivyo viwili?

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Waliharibu pale walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia makosa. Naye Yesu, alipoitwa na Bartimayo kipofu, hakumkatiza wala kumkisia. Alimwuliza anataka afanyiwe nini.

Basi leo, baada ya ibada, ukimwona mtu amebaki peke yake bila haraka ya kwenda nyumbani, msogelee. Mwanao akirudi kutoka shule ya bweni akiwa kimya, zima televisheni uketi naye. Muulize, kisha unyamaze. Usihukumu, wala aliyokuambia usiyapeleke sokoni. Akikutajia kwamba amechoka kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake. Mpeleke kwa daktari au mshauri siku hiyo hiyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwache anayekilalia akueleze.