Kijana Aliyesalisha Nyumbani Kwao

Husemwa sana barazani, kuanzia Ukunda hata Msambweni, kwamba vijana waliokuwa na miaka ishirini hivi mwaka 2020 waliupoteza mwaka ule wakilala na kuchezea simu. Simu walizichezea, sikatai. Lakini maneno hayo hayana haki, na wanaoyasema wamesahau upesi mno mambo yalivyokuwa.

Ndugu msomaji, yafaa tukumbushane. Mwezi wa Machi 2020 skuli na misikiti ilifungwa, ndege za kutoka nje zikasimamishwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza watu waliokuwa wakirudi makwao walipigwa na kurushiwa moshi wa kutoza machozi pale kwenye feri ya Likoni, kabla hata ya saa yenyewe kuwadia. Tarehe 8 Aprili Kwale ikafungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, hapana kuingia wala kutoka, na haikufunguliwa mpaka mwanzo wa Juni. Hoteli za Diani, ambazo ndizo chungu cha nyumba nyingi za upande wetu, zilitia makufuli.

Mwisho wa Aprili, katikati ya dhiki hiyo, Ramadhani ikaingia. Magharibi kwetu ni kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo isha na tarawehe zote ziliangukia ndani ya kafyu. Nyumba iliyotaka tarawehe sharti iisali ukumbini. Na nani asalishe? Mzee ndiye mwenye nyumba, lakini aghalabu Kurani iliyo mbichi kifuani ni ya yule aliyetoka chuoni karibuni. Basi kijana ambaye saa za isha alizoea kubeba sinia za wageni hotelini, akajiona amesimama mbele kuelekea kibla, na nyuma yake ni babake, mamake na ndugu zake. Jambo zito hilo! Mtu aliyekuwa akiulizwa kila usiku alikuwa wapi, sasa akirukuu wote warukuu. Wako waliogundua kwamba Juzuu Amma imebaki nusu, wakashinda mchana wakidurusu ili wasije wakakwama mbele ya wadogo zao. Na palipokuwa na wanawake watupu, binti aliyesoma aliwasalisha wenziwe, amesimama nao katikati ya safu, kama ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii.

Mchana nao ulikuwa na darasa lake. Aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi alijifunza kuhesabu bamvua, kwani maji yakitoka sana ndipo pweza hupatikana miambani. Wengine walishika malema ya babu zao. Samaki aliyekuwa akienda jikoni mwa hoteli akauzwa mtaani kwa bei ya mtaani. Binti aliyerudi kutoka chuoni alikaa mlangoni na mamake akikaanga viazi vya karai, na faida ikigawanywa baina ya unga na data ya kusomea.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wasemao kwamba korona ilikuwa madrasa. Husema hivyo mtu ambaye chungu chake hakikukosa kitu. Wako vijana ambao masomo yalikatika wasiyarudie, na wako wasichana walioolewa kwa sababu ya njaa tu. Ukomavu ule ulikuwa wa kweli, ila ulinunuliwa kwa bei ghali, na ndiyo maana naona uchungu kuutupa.

Maana tumeutupa. Julai 2020 misikiti ilipofunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, waliozidi umri wa miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Amri hiyo, tuipende tusiipende, iliwaachia vijana safu ya mbele. Baadaye masharti yakalegezwa, na kafyu yenyewe ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Wazee wakarudi mahali pao, na hiyo ni haki yao. Lakini kijana naye akarudishwa kwenye viatu karibu na mlango, na nyumbani akarudi kuwa mtoto, asiyeulizwa shauri la shamba wala la posa ya dada yake. Mwenyewe akaungoja msimu wa wageni kama zamani, malema yakioza nyuma ya banda.

Sidai vijana watawale misikiti. Lakini kamati zetu, ambazo Ramadhani ikikaribia huhangaika kutafuta msomaji mgeni mwenye sauti nzuri, zingeweza kutenga walau usiku mmoja wa tarawehe kwa kijana wa mtaa ule ule, aliyewasalisha babake na mamake ukumbini miezi ile ya 2020. Akikosea, wazee si wapo nyuma yake wa kumkumbusha?